Herufi isiyoonekana na deni ambalo halikuwepo

Nimekuwa kimya muda mrefu, najua. Wengine mmeniandikia mkiuliza kama nimehama mji. Sijahama. Nipo hapa hapa Mombasa, asubuhi nakatiza Makadara kwenda kazini Ganjoni, jioni narudi Mji wa Kale kama kawaida. Kilichoninyamazisha ni aibu. Kuna jambo nililiharibu mwaka jana kwa herufi moja, tena herufi ambayo hata mimi niliyeiweka siwezi kuiona kwa macho, na kila nilipokaa kuandika hapa nilijikuta natafuta habari nyingine ya kuandika. Leo nimeamua nilitoe.

Blogu hii inasomwa na watu wa aina mbili, wanaoandika programu na wasioandika lakini wanapenda kujua, kwa hiyo nitakwenda taratibu. Wenzangu wa fani mtanivumilia.

Khalati yangu anakaa Kibokoni. Ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, Kiswahili ndiyo kazi aliyofundisha maisha yake yote, na ndiye mweka hazina wa chama cha kina mama wa mtaani, chama cha kufa na kuzikana. Wako 43. Kila mmoja hutoa shilingi 500 kwa mwezi. Mtu akiugua au akifiwa, pesa hutoka siku hiyo hiyo, maana huku kwetu maiti hangojeshwi: aliyekufa alfajiri, alasiri keshazikwa, na sanda, gari na chakula cha watu vyote vinataka pesa mkononi kabla ya adhuhuri. Kwa hiyo daftari la khalati si mchezo. Lina jalada jeusi, lina mistari aliyoipiga mwenyewe kwa rula, na kwa miaka kadhaa halikuwahi kukosea.

Mimi, na digrii yangu ya sayansi ya kompyuta, nikaliona lile daftari nikalionea huruma. Nikamwambia khalati nitamtengenezea mfumo. Yeye ataandika tangazo mara moja tu kwenye simu yake, maandishi ya kawaida, na skripti yangu italitoa kwa milango mitatu: ukurasa mdogo wa tovuti, SMS kwa kila mwanachama, na maandishi ya kubandika kwenye kundi lao la WhatsApp. Mwanachama akishamtumia khalati pesa zake kwa M-Pesa, anautumia mfumo SMS yenye msimbo wake wa mwezi ule na nambari ya muamala. Mfumo unampiga tiki. Daftari likaingia kabatini.

Sasa, yale "maandishi ya kawaida". Mnajua ukiandika *haraka* kati ya nyota mbili kwenye WhatsApp, neno linatokea kwa herufi nzito na nyota zenyewe zinatoweka. WhatsApp waliliweka hilo mwaka 2016, lakini desturi yenyewe ni kongwe, watu walikuwa wakiweka nyota hivyo kwenye barua pepe miaka mingi kabla. John Gruber aliitoa Markdown mwaka 2004 kwa wazo hilo hilo: uandike maandishi yanayosomeka na binadamu jinsi yalivyo, na programu iyageuze kuwa ukurasa. Mwaka mmoja kabla yake Carsten Dominik alikuwa ameanzisha Org, ambayo nayo ina nyota zake na mikwaju yake. Uzuri wa njia hii ni kwamba mtu kama khalati haihitaji kufundishwa. Anaandika kama anavyoandika siku zote.

Ubaya wake ni kwamba alama inakuwa na kazi mbili. Nyota ni nyota, na nyota ni amri. Siku ukitaka nyota iwe nyota tu, inakubidi umwambie msomaji wa mashine: hii iache, usiifanyie kazi. Huko ndiko kuepusha alama, na kila lugha ya maandishi yenye alama ina namna yake ya kuepusha, au haina kabisa.

Na fikiria tuko wapi. Sisi Wakenya tumelelewa na nyota. Kadi ya kukwangua unaipakia kwa *141* halafu tarakimu za kadi halafu alama ya reli. Kumsambazia mtu ni *140* kisha kiasi, nyota nyingine, kisha nambari yake. Salio ni *144#. Mzee asiyejua kusoma anajua nyota iko wapi kwenye simu. Andika maelezo ya kusambaza kwa Markdown bila kuwa mwangalifu uone: 140 itageuka hati mlazo, nyota mbili za mwanzo zitaliwa, na msomaji atapiga nambari ambayo haipo duniani. Waliobuni mambo haya walikaa nchi ambazo mtu hapigi nyota kumtumia mamake muda wa maongezi.

Mimi sikuwa na udhuru huo. Mimi nimezaliwa hapa, na bado nilipobuni misimbo ya wanachama nikachagua nyota! Niliwaza kina mama wameizoea. Mwanachama wa 14 mwezi wa Juni akawa KB*014*06. KB ni Kibokoni, 014 ni yeye, 06 ni mwezi. Nikajipongeza.

Tangazo la kwanza likatoka, na misimbo yote ikawa KB01406, ile 014 katikati imenenepa kwenye tovuti kama mtu aliyekula biriani peke yake. Kigeuzi changu nilikuwa nimekiandika mwenyewe (ndiyo, najua, zipo maktaba za kazi hiyo, nilikuwa na mwisho wa wiki mmoja na kiburi kingi). Kanuni yake ilikuwa nyepesi: nyota inayofuatwa papo hapo na herufi au tarakimu inafungua herufi nzito, nyota inayofuata inafunga. Kina mama wakatuma KB01406 kama walivyoona, mfumo ukasema hauijui. Simu kumi na moja jioni ile. Tukacheka, nikawaingiza kwa mkono, yakapita.

Nikaanza kutafuta njia ya kuepusha. Njia ya kwanza kwa kila mtu wa fani ni mkwaju wa nyuma, huu: \ . Unauweka mbele ya nyota, kigeuzi kinausoma, kinaelewa, kinaufuta, nyota inabaki. Nikamweleza khalati, kwa kuwa mara nyingine huandika misimbo kwa mkono wake akimjibu mtu.

"Mkwaju naujua," akasema. "Nimefundisha uakifishaji miaka thelathini. Kinyota naujua, ritifaa naijua, mkwaju naujua. Huo wa nyuma umetoka wapi?"

Nikamwonyesha kwenye simu yake. Uko ukurasa wa tatu wa kibodi, kona ambayo hakuna mtu mwenye shughuli zake aliyewahi kufika. Akautazama, akanitazama mimi, akarudi kumenya mbaazi. Na hata kama angekubali, kulikuwa na tatizo la mlango wa tatu. Tovuti na SMS zinapita kwenye skripti yangu, ningeweza kuzifundisha kuula huo mkwaju. WhatsApp si yangu. Kule mkwaju wa nyuma ungetokea kama ulivyo, na kina mama wangeunakili na kuutuma.

Nilitaka kitu kitakachoizuia nyota bila kuonekana popote. Na kitu hicho kipo. Kinaitwa nafasi isiyo na upana, U+200B kwenye orodha ya Unicode. Si hila ya wahuni, kina kazi yake halali: kuna lugha kama Kithai na Kikhmer ambazo haziachi nafasi kati ya maneno, na herufi hii inaiambia kompyuta kwamba hapa waweza kukata mstari. Haichoreki. Haichukui hata upana wa unywele. Na kitabu cha maelezo cha Org chenyewe kinapendekeza, pale unapotaka maandishi yanayofanana na amri yasisomwe kama amri, uweke hiyo hiyo. Niliposoma hapo nikaona nimepata fatwa.

Skripti ikaanza kuweka U+200B moja baada ya kila nyota iliyo ndani ya msimbo. Kigeuzi kikitazama kinaona nyota haifuatwi na herufi wala tarakimu, kinaiacha. Milango yote mitatu ikatoa KB*014*07, safi, nzuri. Nilifurahi kiasi cha kumwambia mwenzangu kazini, akaniuliza kama nina uhakika, nikamwambia ni jambo lililoandikwa kitabuni.

(Kwa wenye kutaka kujaribu: usitegemee hila hii kwenye CommonMark, ile Markdown iliyosanifishwa kuanzia 2014. Kule U+200B haihesabiwi kuwa nafasi wala alama ya uakifishaji, ni herufi kama herufi nyingine, kwa hiyo KB*014*07 italiwa nyota zake vile vile hata ukiipachika. Kwangu ilifanya kazi kwa sababu kigeuzi kilikuwa changu na kanuni yake ilikuwa ya kitoto.)

Julai ikapita kwa amani. Niliona amani, nitasema hivyo.

Mwanzo wa Agosti ikaja bili ya SMS. Mara tatu ya kawaida. Niliikagua nikidhani tumetozwa bei mpya, nikaandika barua pepe ya hasira ambayo nashukuru sikuituma. Kilichotokea ni hiki. SMS moja hubeba herufi 160 iwapo kila herufi yake imo kwenye alfabeti ya asili ya GSM. Ikiingia hata moja ya nje, ujumbe wote unahamia mfumo mwingine wa herufi ambamo SMS moja hubeba 70 tu, na ujumbe ukikatwa vipande, kila kipande kinabeba 67. Tangazo letu lilikuwa na herufi 146 na lilikuwa likienda kwa SMS moja. Sasa lilikuwa na 148, mbili zisizoonekana, na likawa linakwenda vipande vitatu. Badala ya SMS 43 tulikuwa tukilipia 129.

Linaloniuma ni kwamba jambo hili nilikuwa nalijua! Mwezi mmoja kabla nilimhubiria khalati huyo huyo kuhusu ritifaa. Ritifaa iliyonyooka, ', imo kwenye alfabeti ya GSM. Ile iliyopinda, ’, ambayo simu nyingi huiweka zenyewe, haimo. Kwa lugha isiyo na ng' lingekuwa jambo dogo, lakini sisi ng'ombe wetu wana ritifaa, ng'ambo kuna ritifaa, kung'aa kuna ritifaa, na neno moja lililopinda linatosha kuuvunja ujumbe wote. Nilikuwa nimeandika msimbo wa kuinyoosha kila ritifaa kabla ya kutuma. Niliinyoosha mistari inayoonekana, na mistari kumi chini yake, faili lile lile, nikapachika isiyoonekana. Na Agosti ile sikuunganisha mambo hayo mawili. Niliona bili tu. Nikabana matumizi kwa kuzima SMS za "umepokelewa" ambazo mfumo ulikuwa ukiwajibu waliolipa.

Kabla ya hapo, mwanachama ambaye hakupata jibu angeweza kushuku kitu. Baada ya hapo hakuna aliyepata jibu.

Kuna bibi mmoja wa Kuze, mwanachama wa siku nyingi, anatumia simu ya kabambe yenye tochi. Tangu Julai alikuwa akimwambia khalati, "Humu mna visanduku." Khalati akanifikishia. Nikasema simu yake ni kuukuu, haina herufi zote, avipuuze. Na ni kweli, simu isiyojua kuchora herufi huchora kijisanduku mahali pake. Sikujiuliza ni herufi gani hiyo asiyoweza kuichora wakati tangazo zima ni Kiswahili na tarakimu. Katika watu 43, mwenye simu ya bei ndogo kuliko zote ndiye aliyekuwa akikiona kitu nilichokificha, na mimi ndiye niliyemwambia hakipo.

Mkutano ulikuwa Jumapili ya mwisho ya Agosti, nyumbani kwa khalati, baada ya alasiri. Nilikuwepo kwa sababu nilipeleka orodha, nimeichapisha, ina mistari mizuri kuliko ya rula. Nilikaa nje barazani kwa adabu, dirisha liko wazi. Katibu akasoma waliolipa na wasiolipa. Wasiolipa Julai na Agosti walikuwa tisa. Kukawa na minong'ono, maana tisa ni wengi, na baadhi yao si watu wa kudaiwa.

Mmoja wao alikuwa na jambo siku ile. Mumewe alikuwa amelazwa wiki ya pili, na chama kilikuwa kimekubaliana kumpa shilingi 10,000. Kanuni yao, iliyoandikwa kabla yangu, ni kwamba mwenye deni la miezi miwili hapewi mpaka alipe. Katibu hakuwa na nia mbaya, akasoma kanuni. Yule mama akasema, "Mimi nimelipa." Akajibiwa kwa upole kwamba orodha imetoka kwenye mfumo. Akasema tena, polepole zaidi, "Mimi sina deni." Hakutoa simu kuonyesha. Baadaye nilielewa kwa nini: kutoa simu mbele ya watu arobaini kuthibitisha kwamba wewe si mwongo ni aibu yenyewe. Akajifunga buibui lake, akaaga, akapita mbele yangu pale barazani. Nikamwambia shikamoo. Akaitikia marahaba, kwa sababu yeye ni mtu mwenye malezi.

Usiku ule khalati alilitoa daftari kabatini. Halafu akaketi na simu yake, akapitia jumbe za M-Pesa moja moja, tangu Julai mosi. Wote tisa walikuwa wamelipa. Alikuwa anajua, alinambia, alikuwa anajua moyoni tangu jina la kwanza liliposomwa, lakini akadhani yeye ndiye anayezeeka.

Asubuhi yake nilikwenda na kompyuta. Tulianza na jirani wa nyumba ya tatu, naye ni katika wale tisa, akanipa simu yake bila neno. Nikanakili msimbo kutoka kwenye SMS aliyoutumia mfumo, nikaubandika:

>>> len("KB*022*08")
11

Hesabu kwa kidole: K, B, nyota, 0, 2, 2, nyota, 0, 8. Tisa. Python inasema kumi na moja. Nilikaa nikiitazama ile 11 mpaka chai ikapoa. Nikazitazama baiti zenyewe, na baada ya kila nyota ikawa e2 80 8b. Ndiyo hiyo. Nimeiweka mimi, imetoka kwa SMS, imekaa kwenye simu ya mtu, ikanakiliwa pamoja na wenzake, ikarudi kwangu, na mfumo wangu ukailinganisha na orodha isiyokuwa nayo, ukasema huyu simjui. Waliochapa msimbo kwa kidole walipita. Waliokuwa waangalifu, walionakili ili wasikosee hata tarakimu moja, ndio waliopotea. Misimbo isiyojulikana ilikuwa ikiandikwa kwenye faili la kumbukumbu ambalo nililitengeneza vizuri sana na sikuwahi kulifungua.

Mtauliza kwa nini sikupunguza nafasi za ziada wakati wa kupokea. Nilipunguza. Lakini strip() ya Python, kama ilivyo trim() ya JavaScript, inashughulika na miisho tu, na hata ingekuwa mwishoni isingeigusa, kwa sababu Unicode haiihesabu U+200B kuwa nafasi ingawa jina lake ni nafasi. Iko kwenye fungu la herufi za upangaji. Jina linasema kitu kimoja, fungu linasema kingine, na mashine inafuata fungu.

Khalati aliuliza swali ambalo miaka minne ya chuo kikuu haikunipa jibu lake: "Hicho kisichoonekana, ulikiweka kwa ajili ya nani?"

Nilijaribu. Nilimwambia mkwaju wa nyuma ni kama kiatu. Unakuja nacho mpaka mlangoni, unakivua, unaingia bila hicho. Kimefanya kazi ya njiani, ndani hakina haja. Ile nafasi isiyo na upana ni kiatu ambacho hakuna mtu mlangoni wa kukivua, kwa sababu hakuna anayekiona. Kinaingia ndani mpaka msalani, kinatoka na watu, kinakwenda majumbani mwao. Kitabu cha Org hakikusema uongo: ndani ya faili lako mwenyewe, linalosomwa na wewe na kuchapishwa kwenye karatasi, kiatu hakimdhuru mtu. Mimi niliipachika kwenye kitu ambacho kazi yake yote ni kunakiliwa na kurudishwa.

"Basi ulikiweka kwa ajili yako," akasema. Ndiyo. Ilinipunguzia kazi ya kuandika toleo tofauti kwa kila mlango.

Marekebisho yenyewe hayakuchukua hata saa mbili, na hilo nalo linauma. Kwanza, matangazo sasa yanageuzwa kabla ya msimbo kupachikwa, kwa hiyo kigeuzi hakiuoni msimbo kabisa (wenzangu mlikuwa mmeshaliona hilo tangu aya ya sita, najua). Nyota zimeondoka, msimbo ni KB02208 tu, hakuna cha kuliwa. Kwa kupokea, mfumo unaacha herufi na tarakimu peke yake na kutupa vingine vyote, mtu akitaka aweke nyota, nafasi, nukta, atapita. Msimbo usiojulikana haulali tena kwenye faili, unakwenda kwenye simu ya khalati. SMS za "umepokelewa" zimerudi.

Nikafanya kosa moja jingine njiani, dogo, lakini linafaa kusimuliwa. Kwa hasira niliandika mstari wa kufuta kila herufi ya fungu lile la upangaji popote inapotokea kwenye tangazo. Kesho yake khalati akauliza kwa nini ile picha ya familia aliyoiweka, baba, mama na mtoto, imetokea vichwa vitatu mbalimbali. Emoji ile ni watu watatu waliounganishwa na herufi isiyoonekana, U+200D. Na Waajemi wanaihitaji jamaa yake, U+200C, ili kuandika maneno yao kwa usahihi, maana hiyo ndiyo huzuia herufi mbili kushikana pale zisipotakiwa kushikana. Kwa hiyo kwenye maandishi ya watu sifuti chochote siku hizi. Kwenye misimbo nafuta kila kitu.

Pesa za yule mama khalati alimpelekea usiku ule ule wa Jumapili, kutoka mfukoni mwake, kabla hata sijaja na kompyuta. Chama kilimrudishia baadaye. Mkutano wa Septemba nilisimama mbele ya kina mama wote 43 nikaeleza nilichofanya, na sijui walielewa kiasi gani kuhusu baiti tatu, lakini walielewa kwamba tisa wale hawakuwahi kudaiwa na kwamba mwenye kosa ni mimi. Bibi wa Kuze akasema kwa sauti, "Si niliwaambia visanduku?" Wakacheka wote, nami nikacheka, ingawa sikuwa na hamu.

Kwa yule mama nilikwenda peke yangu, siku mbili kabla ya mkutano. Mumewe alikuwa ameshatoka hospitali, amekaa kitini, redio iko chini. Nikaomba radhi. Akaniacha nimalize yote, na unicode yake na SMS zake, halafu akaniuliza kama nina kalamu. Nikampa. Akaleta kipande cha kalenda ya mwaka uliopita, upande mweupe, akaniambia nimwandikie msimbo wake wa Septemba kwa mkono, herufi kubwa, naye awe anauchapa mwenyewe kutoka hapo.

Nikauandika. Akautazama karibu, akauhesabu kwa kidole, herufi saba. Akaubandika kwenye mlango wa friji.